Anayelikataza Gari: Historia ya Kifaa cha Kuzima Injini

Asubuhi moja ya Januari 2019, wiki ile ya baridi kali ambayo watu wa Milwaukee bado wanaizungumzia, gari la mama lilikataa kuwaka. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Mama hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu yake ilikuwa ianze saa kumi na mbili. Mimi nilikuwa na miaka 13. Nilisimama nje nimevaa koti juu ya nguo za kulalia, nikimmulikia kwa tochi ya simu huku yeye akizungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, redio ikaimba, lakini injini haikutoa hata kikohozi.

Tukadhani ni betri. Tukamgongea jirani yetu, mzee wa Kikongo aliyewahi kuwa fundi wa magari Lubumbashi. Mama alimwomba radhi mara tatu kwa kumwamsha. Mzee alikuja na nyaya zake, akasikiliza, akainama chini ya usukani, akagusa kijisanduku cheusi kilichofungwa pale kwa mkanda wa plastiki.

“Batri iko muzuri, mama,” alisema kwa Kiswahili chake cha Katanga. “Kuko muntu anaikataza kutembea.”

“Muntu” huyo alikuwa kompyuta ya duka la magari lililomkopesha mama. Rejesho la Ijumaa lilikuwa limechelewa siku tatu. Katika mkataba ambao mama alitia sahihi, kijisanduku kile kiliitwa kifaa cha kuzuia wizi. Siku hiyo mama alifika kazini saa mbili na nusu, kwa basi, na akakatwa saa zake.

Muhula uliopita, katika somo la historia ya teknolojia, tulitakiwa tuchague kitu kimoja cha kawaida na kukifuatilia nyuma hadi mwanzo wake. Wenzangu walichagua friji, miwani, zipu. Mimi nilichagua kile kijisanduku. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliposikia aliniomba niiandike upya insha yangu kwa ajili ya jarida letu, na hapo shida ya kwanza ikawa jina lenyewe. Kamusi hazikunisaidia. Mjomba wangu wa Mombasa, ambaye ana gari la kubebea mizigo, aliniambia bila kufikiri: “Si hiyo ni katauti tu?” Mama husema “kile kidude.” Mimi nitasema kifaa cha kuzima injini, ingawa katauti ni neno tamu zaidi na pengine ndilo litakaloshinda.

Magari ya mwanzo kabisa hayakuhitaji ulinzi mkubwa kwa sababu kuyawasha kulikuwa adhabu. Ulizungusha mtaimbo wa chuma mbele ya injini kwa nguvu zako zote, na ukikosea unaweza kuvunjika mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kuanzia hapo yeyote aliyejua kubonyeza aliweza kuondoka na gari, na wizi ukawafuata wenye magari mara moja. Mwaka 1919 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaadhibu wanaovusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine.

Sura iliyonishangaza zaidi, hata hivyo, ni ya Uingereza mwaka 1940. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yanaiangusha Ufaransa, na Waingereza waliogopa kwamba askari wa adui wakishuka kwa miavuli watachukua magari yaliyoegeshwa barabarani na kuyatumia. Serikali ikatoa amri: mtu asiache gari lake bila kulilemaza kwanza. Kufunga mlango hakukutosha. Njia iliyopendwa na wengi ilikuwa kufungua distribyuta, kutoa rota, na kuitia mfukoni. Rota ni kipande kidogo kama kizibo, nacho ndicho kinachogawa umeme kwa kila plagi. Bila hicho stata itazunguka mpaka betri ife na injini haitawaka. Dereva aliyepuuza amri hiyo aliweza kushtakiwa.

Napenda kuwawazia watu wale wakiingia madukani na makanisani, kila mmoja na kipande cha gari lake mfukoni. Lakini tukio hili lina uzito wake pia. Hapa dola ilimwamuru mwananchi alifanye gari lake mwenyewe lisiweze kwenda. Hofu ilikuwa ya dola, lakini rota ilibaki mfukoni mwa mwenye gari, naye aliirudisha alipotaka.

Miaka iliyofuata napita haraka, kwa sababu watengenezaji walikuwa wanapigania chuma zaidi kuliko injini. Kuanzia Januari 1970 kanuni za Marekani zilitaka ukichomoa ufunguo, injini isiwake kwa njia ya kawaida, na pia usukani ufungike au gari lisiweze kwenda mbele. Magari yakapata usukani unaojifunga. Wezi walijifunza kuuvunja. Nyaya chini ya dashibodi zilikuwa palepale, na filamu nyingi tulizokua tukizitazama zinaonyesha mtu akiziunganisha kwa sekunde tatu. (Mjomba anasema si sekunde tatu. Sikumuuliza anajuaje.)

Wazo kubwa lilikuja pale ufunguo ulipoacha kuwa chuma tupu. Corvette za mwaka 1986 zilikuja na ufunguo wenye kidonge kidogo cheusi shingoni. Kidonge hicho kilikuwa na ukinzani maalumu wa umeme, na vilikuwepo viwango 15 tofauti. Gari lilipima ukinzani huo kabla ya kukubali. Ukileta ufunguo wenye meno sahihi lakini kidonge kisicho chake, stata na mafuta vilikatwa, nawe ukalazimika kungoja dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena. Viwango 15 si vingi, na mwizi mwenye subira aliweza kuvijaribu vyote. Lakini mwizi mwenye subira barabarani usiku ni adimu.

Katika miaka ya 1990 chipu ndogo ya redio ilichukua nafasi ya kidonge. Chipu haina betri. Unapoingiza ufunguo, waya uliozungushwa kwenye tundu la ufunguo huipelekea nguvu kidogo kwa mawimbi, nayo hujibu kwa namba yake ya siri. Namba isipotambuliwa, kompyuta ya gari haitoi mafuta wala cheche. Mwenye gari hajui kwamba mazungumzo hayo yamefanyika, na hana cha kukumbuka wala cha kubonyeza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya mafanikio yake. King'ora watu hukizima kwa kuwa kinaudhi, na fimbo ya kufungia usukani watu husahau kuifunga.

Makampuni ya bima ya Ujerumani yalianza kukidai kifaa hiki mapema, kisha Umoja wa Ulaya ukaamua kwamba kila gari jipya litakalouzwa kuanzia Oktoba 1998 liwe nacho. Wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Ben Vollaard, walichunguza magari ya nchi yao kati ya 1995 na 2008 na kukadiria kwamba sheria hiyo ilipunguza wizi wa magari kwa asilimia 40 au zaidi, hata ukihesabu wezi waliohamia kwenye magari ya zamani yasiyo na chipu. Australia ilifanya hivyohivyo mwaka 2001, na Kanada Septemba 2007.

Marekani haikufanya hivyo. Ilibaki na ile kanuni ya ufunguo na usukani, ikawaachia watengenezaji waamue wenyewe. Wengi waliamua vizuri. Kufikia magari ya mwaka 2015, asilimia 96 ya modeli za watengenezaji wengine zilikuwa na kifaa hiki tangu kiwandani. Kwa Hyundai na Kia ilikuwa asilimia 26 tu. Kampuni hizohizo ziliweka chipu katika magari ziliyoyauza Kanada, kwa sababu huko sheria iliwalazimisha. Detroit na Windsor zinatazamana ng'ambo ya mto mmoja. Ukiwa na gari jipya la miaka hiyo, lililokulinda ni upande wa mto ulionunulia.

Sisi wa Milwaukee tulilipa gharama ya pengo hilo kabla ya nchi nzima kujua. Mwaka 2021 magari zaidi ya 10,000 yaliibwa mjini kwetu, na karibu theluthi mbili yalikuwa ya kampuni hizo mbili. Nilikuwa sekondari. Vijana wa rika langu walionyeshana video za namna ya kuliwasha gari bila ufunguo, na si wote walikuwa wezi kwa maana tunayoifikiria. Wengine walitaka kuendesha nusu saa na kulitelekeza. Wengine hawakurudi nyumbani. Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilisema ina taarifa za ajali 14 na vifo 8 vilivyotokana na mtindo huo kote nchini, na kampuni zikaanza kutoa bure marekebisho ya programu kwa magari zaidi ya milioni 8. Polisi waligawa fimbo za kufungia usukani. Ilikuwa ajabu kuona magari ya karne hii yamefungwa kwa chuma cha manjano kama ya bibi na babu zetu.

Nimekaa sana hapa kwa sababu watu hupenda kusema kwamba wizi ni suala la malezi tu. Malezi yana nafasi yake. Lakini vijana wa Windsor hawakulelewa na malaika. Tofauti ilikuwa chipu moja na kifungu kimoja cha sheria.

Sasa nirudi kwenye kijisanduku cheusi, maana chipu ya ufunguoni humsikiliza mtu aliye pale garini tu. Kijisanduku humsikiliza aliye mbali.

Hatua ya kwanza ya umbali ilikuwa ya kutafuta, si ya kuzima. Mwaka 1986, katika jimbo la Massachusetts, kampuni ya LoJack ilianza kuficha redio ndogo ndani ya magari. Gari likiibwa, redio iliamshwa, na polisi wakaifuata kwa vipokezi vyao. Kisha General Motors ikaanzisha huduma ya OnStar mwaka 1996, iliyounganisha gari na kituo cha simu, na mwaka 2007 ikatangaza kwamba magari yake ya mwaka 2009 yataweza kupunguzwa mwendo kutoka kituoni. Oktoba 2009, mjini Visalia, California, Chevrolet Tahoe iliyoporwa ilipunguzwa mwendo namna hiyo huku polisi wakiifuata, mpaka ikasimama.

Waliita kupunguza mwendo, na jina hilo lina sababu. Ukizima injini ghafla gari likiwa kasini, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wa injini. Aliye ndani anaweza kuua mtu ambaye hana habari na wizi wowote. Kwa hiyo vifaa vilivyotengenezwa kwa uangalifu havilizimi gari linalotembea. Husubiri lizimwe, halafu hukataa lisiwake tena.

Kijisanduku cha bei nafuu hufanya kazi kwa vitu vitatu: kipokezi cha setelaiti kinachojua gari liko wapi, laini ya simu kama ya simu yako, na rilei, yaani swichi inayosukumwa na umeme badala ya kidole. Fundi hukata waya unaokwenda kwenye stata au kwenye pampu ya mafuta na kuupitisha ndani ya rilei. Ujumbe mfupi unapofika, rilei inaachia, waya unakatika, basi. Mjomba ameweka kimoja katika gari lake Mombasa. Kabla yake alikuwa na katauti ya zamani, swichi aliyoificha mahali ambapo hajawahi kuniambia hata mimi. Usipoigusa, gari linaondoka kidogo kisha linazima. Anasema aliipenda ile ya zamani kwa sababu mwenye bunduki anakuwa ameshaondoka nalo, na wewe uko hai pembezoni mwa barabara. Hiyo ya sasa anaipenda kwa sababu nyingine: dereva wake akichelewa, anaona kwenye simu gari liko wapi. Nilimuuliza dereva anaonaje. Alicheka, akabadilisha mazungumzo.

Mfano mkubwa wa kifaa hiki kufanya kazi yake ya ulinzi ulitokea vitani. Mwaka 2022 askari wa Urusi walichukua mashine za kilimo za John Deere kutoka kwa wakala mmoja huko Melitopol, Ukraine, zikiwemo mashine za kuvunia, zenye thamani ya karibu dola milioni 5. Baadhi zilisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Chechnya. Zilipofika hazikuwaka. Zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Watu wengi walishangilia, nami nilishangilia. Halafu nikamkumbuka mkulima yeyote yule, wa Iowa au wa Iringa, aliyenunua trekta kwa pesa zake, na ndani yake imo swichi iliyoko katika ofisi ambayo hataiona kamwe.

Kwa sababu swichi ya namna hiyo haijui wizi ni nini. Inajua amri tu. Mwaka 2010, mjini Austin, Texas, magari zaidi ya 100 yalikataa kuwaka, na mengine yakapiga honi yenyewe usiku kucha. Wenye magari walikuwa wateja wa duka moja lililofunga vifaa vya kuzima injini kwa wakopaji. Aliyefanya hivyo alikuwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi, akatumia nywila ya mwenzake. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba wangeweza kuingia katika Jeep kupitia mtandao wa simu, wakiwa nyumbani, na kulikatia nguvu barabarani karibu na St. Louis, huku mwandishi wa habari, kwa ridhaa yake, akiwa ndani anaendesha. Kampuni ilirudisha magari milioni 1.4 kwa marekebisho. Wale wawili walikuwa watafiti waaminifu. Mlango waliopitia haukuchagua waaminifu.

Na deni? Gazeti la New York Times liliandika mwaka 2014 kwamba magari milioni 2 hivi nchini Marekani yalikuwa na kifaa kama cha mama. Wakopeshaji wana hoja, na mwalimu wangu wa historia alinilazimisha niiandike kwa haki: bila kifaa, wasingemkopesha mtu kama mama, mgeni nchini, asiye na historia ya mikopo. Ni kweli. Kenya na Uganda vilevile, vijana wengi wa bodaboda wamepata pikipiki kwa mkopo kwa sababu kampuni inaweza kuifuatilia na kuizima. Bila hilo wangeendelea kuendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea hesabu kila jioni. Kifaa hicho ndicho dhamana yao. Ninachokataa ni kuiita dhamana hiyo kinga dhidi ya wizi.

Nina sababu ya kukataa. Agosti ya mwaka uleule wa 2019, gari la mama liliibwa kweli. Ilikuwa Jumamosi jioni, mbele ya nyumba yetu. Mama hakulia. Alisema, “Lile sanduku lao sasa litatufaa,” akapiga simu dukani. Duka lilikuwa limefungwa. Akapiga namba ya dharura iliyoandikwa kwenye mkataba, na mashine ikamweleza namna ya kulipa rejesho lake. Alijaribu Jumapili mara saba. Polisi waliandika taarifa, wakasema bila idhini ya duka hawawezi kuona gari lilipo. Jumatatu saa tatu asubuhi mtu alipokea, akabonyeza, na baada ya dakika chache akatusomea anwani ya kichochoro kimoja kaskazini mwa mji. Gari lilikuwa pale, dirisha limevunjwa, viti vimeloa mvua ya Jumapili, na kiti cha mtoto cha mdogo wangu hakipo.

Nimelinganisha siku hizo mbili mara nyingi nikiandika insha hii. Januari, kompyuta ilizima gari usiku wa manane bila kumngoja mtu yeyote aamke. Agosti, kifaa kilekile, rilei ileile, kilingoja wikendi nzima mtu mwenye ufunguo wa ofisi arudi kazini. Waya ulikuwa mmoja. Waliopangiwa haraka ni wenye deni, na waliopangiwa kusubiri ni walioibiwa.

Mwaka 2023 kampuni ya Ford ilichekwa sana magazetini kwa ombi la hataza lililoeleza gari ambalo, mkopo usipolipwa, lingezima redio na kiyoyozi, na hatimaye hata kujiendesha lenyewe kwenda kwa mkopeshaji. Kampuni iliachana na ombi hilo mwaka huohuo. Mama nilipomweleza hakucheka. Aliuliza kama lingemngoja kwanza atoe mboga kwenye buti.

Alimaliza deni lake mwaka 2021. Duka lilisema kuondoa kifaa ni juu yake, kwa gharama yake. Mzee wa Lubumbashi alikitoa kwa dakika 20, akaunganisha ule waya uliokatwa, akauzungushia utepe, akakataa malipo ila chapati. Wiki iliyofuata mama akamwomba amfungie kingine kipya, alichokinunua mwenyewe, chenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Mzee alimuuliza kama ana hakika. Mama alimwonyesha simu yake, akaizima injini akiwa dirishani mwa jikoni, akaiwasha tena, akaenda kazini. Kile cha zamani kimo kwenye droo ya jikoni, pamoja na betri zilizokwisha na funguo za nyumba tulizohama.